Pampu ya Pili

Jumatatu, 2 Machi

Leo kwenye kikao cha asubuhi Mkurugenzi ameuliza nani atachukua kazi ya majina, na chumba kizima kikaanza kukagua viatu. Nikanyoosha mkono. Kicheko, ambaye sasa anakalia kiti kilichokuwa changu cha mkuu wa chumba cha udhibiti, akaangua kile kicheko chake cha kujaza chumba. "Mwachieni Mama Faili, huyo hata akilala anaota faili!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Nimecheka na mtu yule karibu mwaka mzima mpaka mashavu yananiuma.

Naanza daftari hili leo kwa sababu siku yake itakapofika nataka niwe na kila kitu, kwa tarehe.

Kazi yenyewe ni hii. Ofisi yetu ina pampu tano zinazonyonya maji ya mvua kutoka mitaani na kuyamwaga mtoni. Haziwashwi na mtu. Zinawashwa na kompyuta, na kompyuta inasoma faili za mipangilio: pampu ipi iwake, maji yakifika wapi, nani apigiwe simu ikikataa. Faili hizo zimeandikwa na watu tisa kwa miaka kumi, na kila mmoja alibatiza vitu alivyopenda. Kina cha maji cha kuwashia pampu, faili moja inakiita kiwango_cha_kuwasha, ya pili washaIkifika, ya tatu KW2. Ya nne, iliyoachwa na bwana mmoja aliyekwisha kuhama, inakiita shemeji. Hakuna anayejua kwa nini. Mkurugenzi ana miezi miwili tu hapa, na anataka majina yote yafuate kanuni moja kabla mvua kubwa hazijaanza.

Sikunyoosha mkono kwa kupenda majina. Anayefanya kazi hii lazima afungue kila faili pamoja na kumbukumbu zake zote, yaani nani alibadili nini, lini, kwa kompyuta gani. Mwaka jana walininyang'anya nywila kesho yake baada ya mafuriko, hata sijapata nafasi ya kutazama. Leo saa tano wamenirudishia.

Mafuriko yalikuwa Aprili. Pampu ya Bondeni haikuwaka, maji yakaingia nyumba arobaini na mbili. Ya dada yangu ilikuwa mojawapo. Cherehani zake kumi na moja, pamoja na marobota ya sare za shule alizokuwa ameshona miezi mitatu, vilikaa kwenye maji ya choo siku mbili. Kwenye uchunguzi Kicheko alisimama akasema, kwa upole kabisa, "Faili ni za Mama Faili. Mimi sizigusi." Ripoti ikaandika uzembe wa mtunza faili. Kiti nikapoteza, akapewa yeye. Dada akaja hadi mlangoni kwangu, hakuingia, akasema, "Wenzangu wanaumizwa na watu baki. Mimi nimezamishwa na mdogo wangu." Tangu siku hiyo hajanisemesha.

Sikugusa kitu usiku ule wala juma lile. Kuna mtu aligusa. Nataka dada amjue, kisha nataka aje kwangu kwa miguu yake.


Jumanne, 3 Machi

Majina mia nne na sita. Macho yanawaka moto.


Ijumaa, 6 Machi

Nimekwenda na Fundi Grisi kuzungukia pampu. Huyu ndiye fundi wetu wa tangu enzi hizo, mtu wa kununa, mikono yake haijawahi kuwa mikavu. Nilitaka anitajie kila pampu anaiitaje.

"Ya kwanza hii ya Kiwandani," akasema. "Ya pili Machinjioni. Ya tatu Shuleni, ya nne Bondeni, ya tano Darajani."

Nikamwonyesha karatasi niliyochapa kutoka kwenye faili. Ya kwanza Darajani, ya pili Bondeni, ya tatu Shuleni, ya nne Machinjioni, ya tano Kiwandani.

Alitazama karatasi kama vile nimempa kinyesi cha paka. "Nani kaandika huu ujinga? Maji yanatoka juu yanakwenda chini. Unahesabu yanakotoka!"

"Faili inahesabu kuanzia ofisini."

"Ofisi inatoa maji?"

Nilisimama pale kwenye tope nikaisoma karatasi upya. Mafundi wanahesabu kuanzia juu ya mto, faili inahesabu kuanzia ofisini. Na hakuna aliyewahi kugundua, kwa sababu kila mwaka kabla ya mvua tunajaribu pampu moja tu, ya Shuleni, maana lami inafika hadi mlangoni pake na hakuna anayetaka kuchafua viatu. Shuleni ni ya tatu ukihesabu kutoka huku, na ni ya tatu ukihesabu kutoka kule.

Nikamuuliza siku ile ya mafuriko alikuwa wapi. Akasema Machinjioni, amefungua pampu, mikono yake iko ndani ya mashine. "Nilipiga simu ofisini. Nikasema zimeni ya pili, nipo ndani. Halafu nikang'oa fyuzi mwenyewe, maana ninyi watu wa kompyuta siwaamini."

"Nani alipokea simu?"

"Ningejuaje? Mtu tu. Alikuwa anacheka."


Jumapili, 8 Machi

Kwa mama. Dada alikuwepo. Alikula akiwa amenipa mgongo, akamwomba mama chumvi ilhali chumvi ilikuwa mbele yangu. Mama akanyoosha mkono juu ya sahani yangu akaichukua. Sisi ni wanawake watatu kwenye meza moja ndogo na hivi ndivyo tunavyoishi.

Nilimtazama mgongo. Anashona kwa cherehani moja sasa, ya kuazima. Nilimhurumia, halafu nikakumbuka kwamba miaka thelathini na saba amekuwa dada yangu na hakuniuliza hata swali moja. Aliamini karatasi ya ofisi. Naye nina hesabu yake.


Alhamisi, 12 Machi

NIMEMPATA.

Nimeingia kwenye kumbukumbu za Aprili mwaka jana. Wote tunatumia jina moja la kuingilia, "msimamizi", ndiyo maana kwenye uchunguzi walisema haiwezekani kujua. Lakini kumbukumbu inataja pia kompyuta, na hapo wachunguzi hawakutazama. Siku ya mafuriko, saa nane na dakika kumi mchana: pampu ya pili, imezimwa. Saa mbili kasoro usiku, wakati Bondeni watu wako juu ya mapaa: pampu ya pili, imewashwa. Zote kutoka kompyuta inayoitwa malkia.

Malkia ni bintiye Kicheko. Jina lake limebandikwa kwenye ile kompyuta kwa stika ya maua.

Kwa hiyo Kicheko alipokea simu ya Fundi Grisi, akazima "ya pili", na ya pili ya faili ni Bondeni. Hilo ni kosa, mtu hukosea. Lakini jioni aligundua. Aliirudisha kimya kimya, akafuta mikono, na baada ya siku nne akasimama mbele ya watu kusema hagusi faili. Aliniangalia machoni wakati anasema. Mimi nikafikiri ananionea huruma.

Nimechapa ukurasa nakala tatu. Moja iko chini ya godoro.


Ijumaa, 13 Machi

Nimempita kwenye korido. "Habari za majina, Mama Faili?" Nikamwambia nzuri sana.


Jumanne, 17 Machi

Nimejizuia kwenda kwa Mkurugenzi. Nikienda leo nitakuwa mwanamke mwenye kinyongo aliyenyang'anywa kiti. Atasema, "Asante, nitalifanyia kazi," na Kicheko atacheka, atafanya jambo zima liwe kichekesho, ndivyo anavyotoka kwenye kila shimo.

Nitamaliza kanuni kwanza. Nataka Kicheko aisifu. Nataka asaini kwamba jina baya la pampu linaweza kuzamisha mtaa. Mvua ije, majina yangu yafanye kazi, kila mtu aone. Hapo ndipo nitatoa ukurasa wangu.


Jumatatu, 23 Machi

Kikao cha kanuni, saa tatu nzima. Sikujua watu wazima wanaweza kugombania kistari.

Mhasibu wa vipuri alitaka herufi kubwa, eti zinaonekana vizuri. Dada wa mapokezi, ambaye hata hahusiki, alitaka majina mafupi. Nikaweka msimamo wangu ubaoni: herufi ndogo tupu, maneno yaunganishwe kwa kistari cha chini, mahali kwanza, kitendo kifuate, kipimo mwishoni. Yaani bondeni_kuwasha_cm. Mtu akilisoma anajua ni wapi, ni nini, na kwamba ile mia na themanini iliyoandikwa mbele yake ni sentimita wala si kitu kingine. Na programu ikikuta jina isilolijua isilipuuze kama inavyofanya sasa, igome na kupiga king'ora.

"Na namba?" akauliza Kicheko. "Pampu ya kwanza, ya pili, namba ni rahisi. Kila mtu anajua kuhesabu."

Nikamtazama nione kama kuna kitu kitapita usoni. Kilipita. Kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kokoto ndani ya kiatu.

Fundi Grisi akadakia, "Kuhesabu kutoka wapi?"

"Kutoka popote, mzee wangu."

"Hilo 'popote' ndilo litatuua."

Mkurugenzi akaamua: hakuna namba, mahali tu. Kicheko akawa wa kwanza kusaini. Akasema mbele ya wote kwamba kazi hii ingefanywa miaka mingi iliyopita, watu wa Bondeni wasingepata shida. Nilikuwa na kalamu mkononi na nilitamani kumchoma nayo.


Ijumaa, 27 Machi

Mvua ya kwanza, ya kuonja. Nimekwama kwenye baraza la ofisi. Kicheko akaja na mwavuli akanisindikiza hadi kituoni, bega lake moja likilowa lote. Njia nzima ananisimulia Malkia, ambaye ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kucheka shuleni. "Mtoto wangu mimi hacheki! Ni aibu ya ukoo." Nikacheka kweli, kabla sijajizuia.

Najichukia kwa kicheko kile. Nitalipiza na cha leo.


Alhamisi, 2 Aprili

Sijui niandikeje hili.

Leo nilikuwa namalizia faili ya mwisho, ile ya skrini ya ukutani, ambamo orodha ya pampu inaanzia. Nikataka kujua nani aligeuza hesabu, ili nimuongeze kwenye ripoti: mpumbavu wa kwanza, kisha mwongo wa pili. Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu, mwaka baada ya mwaka. Miaka saba nyuma orodha ilikuwa kama ya Fundi Grisi, Kiwandani kwanza. Miaka sita nyuma, mwezi wa Juni, ikageuka.

Kompyuta: dirishani.

Dirishani ni yangu. Ndiyo jina nililoipa wiki yangu ya kwanza kazini, kwa kuwa waliniweka kwenye meza ya dirishani na nilifurahi mno kupata dirisha. Ukikaa pale unaona paa la pampu ya Darajani, halafu kwa mbali la Bondeni. Ya kwanza na ya pili.

Nilikuwa nimeandika na maelezo, kama mfanyakazi mzuri. Maneno yenyewe ni haya, nayanakili: "Nimepanga pampu kuanzia upande wetu, ni rahisi kukumbuka. Nitawajulisha mafundi."

Sikuwajulisha. Nimekaa saa nzima nikijaribu kukumbuka kama niliwajulisha, nikijitafutia hata mazungumzo ya kwenye ngazi, hata karatasi ukutani. Hakuna. Sikumbuki hata kuandika. Ilikuwa siku ya kawaida, nilibadilisha orodha, labda nikaenda kula.

Hata Kicheko asingezima pampu ile, siku moja mtu mwingine angeizima.

Cherehani kumi na moja.


Ijumaa, 3 Aprili

Sikwenda kazini. Nimesema homa.


Jumanne, 7 Aprili

Siku tano najisemea maneno ndani ya kichwa, nimechoka kujisikiliza, bora niyaandike.

Nilikuwa mgeni. Nilikosea bila kujua. Yeye alikosea bila kujua pia, lakini baadaye alijua, akanyamaza, akanitwisha. Hapo ndipo tunapotofautiana. Nimeliandika hili na nimelisoma mara tatu na bado ni kweli.

Kitu kingine ambacho pia ni kweli: mimi sasa najua.

Mtu mwema angekwenda kwa Mkurugenzi na kurasa mbili. Nimemfikiria mtu huyo. Angesimama mbele ya dada na kusema, ndiyo, ulisema kweli mlangoni pale, nimekuzamisha mimi. Dada angegeuka na ule mgongo wake, na safari hii angekuwa na haki, na mama angeendelea kupitisha mkono juu ya sahani yangu mpaka mmoja wetu afe.

Siwezi. Nimekaa karibu mwaka mzima nikiwa nimeonewa. Sijui nitakuwa nani nisipokuwa nimeonewa.


Alhamisi, 9 Aprili

Nimeongeza kifungu cha tisa kwenye kanuni. "Ili kuondoa mkanganyiko wa majina ya zamani, faili zote zianze upya, na kumbukumbu za mabadiliko zitakazobaki ziwe za miaka miwili ya mwisho tu." Ni sentensi ya kawaida kabisa. Hata inaonekana ya busara.

Aprili ya mwaka jana imo ndani ya miaka miwili. Juni ya miaka sita iliyopita haimo.

Kifungu kipya kinahitaji sahihi ya mkuu wa chumba, na mkuu wa chumba ni Kicheko. Nilimpelekea wakati anaongea na simu. Akanifanyia ishara ya kalamu, nikampa, akasaini huku anacheka na mtu wa upande wa pili wa simu. Hakusoma neno. Mkurugenzi alisoma, akasema, "Safi, tuanze upya."

Saa tisa alasiri nilifuta miaka minane. Kompyuta iliuliza kama nina uhakika. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji ya chai.


Jumamosi, 11 Aprili

Majina yote mapya yameingia. Fundi Grisi ameyachapa kwa herufi kubwa na kuyabandika kwenye mlango wa kila pampu, ndani ya nailoni. Amenipa mkono wake wa grisi. "Umefanya kazi ya maana, mwanangu." Nimenawa mara mbili.


Jumanne, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri.


Jumatano, 15 Aprili

Mvua.


Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Mto umefika kwenye alama nyekundu. Mama amepiga simu kusema dada amepandisha vitambaa juu ya kabati na amekaa mlangoni anaangalia barabara. "Amekwambia unipigie?" nikauliza. "Hapana," akasema.


Ijumaa, 17 Aprili

Leo. Saa saba mchana mbingu ilifunguka. Kwenye chumba cha udhibiti tulikuwa watu sita na hakuna aliyekaa. Mvua ilipiga mabati mpaka tukawa tunazungumza kwa mikono.

Fundi Grisi akapiga simu, tukaiweka kwenye spika. "Machinjioni imeziba takataka! Nazama ndani kuisafisha. Zimeni Machinjioni, nasema MACHINJIONI!"

Jambo lile lile la mwaka jana. Kicheko ndiye aliyekuwa kwenye kibodi. Nilisimama nyuma ya kiti chake na nikaona shingo yake inalowa jasho. Vidole vilikuwa juu ya herufi lakini havishuki.

"Andika," nikamwambia.

"Hebu soma uhakikishe."

"machinjioni_hali. Andika imezimwa."

Akaandika. Kwenye skrini taa ya Machinjioni ikazimika, na zile nyingine nne zikabaki kijani, tayari kuwaka. Maji ya Bondeni yakafika sentimita mia na themanini, na pampu ikawaka yenyewe. Tulisikia watu wa zamu kule wakishangilia kwenye redio. Mkurugenzi akanikumbatia mbele ya wote. Kicheko akageuza kiti akanitazama, hacheki, akasema kwa sauti ya chini, "Asante. Wallahi, asante."

Alijua ninajua. Nimehakikisha leo. Na alidhani nimemsamehe.

Bondeni pakavu. Nyumba arobaini na mbili kavu, cherehani ya kuazima kavu. Hilo nimelifanya mimi kwa majina yangu, na hakuna atakayeninyang'anya.


Jumatatu, 20 Aprili

Nimempa Mkurugenzi ukurasa. Aliusoma amesimama, kisha akakaa. Ameitisha kikao Ijumaa.


Ijumaa, 24 Aprili

Tulikuwa watano: Mkurugenzi, katibu wake, Fundi Grisi, Kicheko, mimi. Ukurasa ulikuwa mezani.

Kicheko hakukataa. Hilo sikulitegemea, nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Alisema, "Ni kweli. Nilipigiwa simu, nikazima ya pili. Usiku nikaona nimezima isiyo yenyewe. Niliogopa. Nina mtoto mdogo. Nilisema yale niliyosema kwa woga." Akanigeukia. "Nimekukosea, dada yangu."

Ningeweza kuacha hapo. Nilikuwa na kila kitu nilichokitaka, kasoro kimoja. Nikasema, "Karibu mwaka mzima umekalia kiti changu ukinitania."

Hapo akabadilika. Akanyooka. "Sawa. Lakini basi tuseme yote. Ile orodha nani aliigeuza? Mwaka jana nilitafuta. Nikaona. Sikusema, kwa sababu nilifikiri nikisema langu, na lake litasemwa, naye atafukuzwa kabisa. Nilifikiri tunalindana. Mkurugenzi, fungua mwanzo wa faili ya skrini. Miaka sita nyuma, Juni. Kuna maelezo pale."

Mkurugenzi akaivuta kompyuta. Mimi nilitazama mikono yangu, ambayo ilikuwa imetulia vizuri. Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Kumbukumbu zinaanzia miaka miwili iliyopita," akasema. "Kifungu cha tisa. Uliidhinisha mwenyewe." Akageuza karatasi ili aione. "Hii si sahihi yako?"

Kicheko aliitazama sahihi yake. Halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nangoja acheke, maana ndivyo anavyotoka kwenye mashimo, lakini hakucheka.

"Mimi najua sikuambiwa na mtu," akasema Fundi Grisi, akiangalia dirishani. "Kama kuna aliyegeuza, hakuniambia." Sijui kama alikuwa anasema nami.

"Usimtafutie mwenzako kosa ili lako lionekane dogo," Mkurugenzi akamwambia Kicheko, na sauti yake ilikuwa baridi. Amempeleka Kiwandani, akasome vipimo vya maji kwenye kibanda, peke yake. Ripoti mpya itabandikwa Bondeni. Kiti nakikalia Jumatatu.


Jumatatu, 27 Aprili

Kicheko amebandua stika ya maua kabla ya kuondoka. Gundi imebaki.


Alhamisi, 30 Aprili

Mama amesema ripoti imesomwa kwenye mkutano wa wakazi wa Bondeni, kwa kipaza sauti, na jina langu limesafishwa. Amesema dada alisimama katikati ya watu akatoka kabla haijaisha. Nikauliza alikuwa na uso gani. Mama akasema, "Muulize mwenyewe. Anakuja Jumapili."


Jumapili, 3 Mei

Alikuja saa nne, kwa miguu. Mvua zimekata na njia imekauka.

Aliingia ndani. Mara ya mwisho hakuvuka kizingiti, leo alivua viatu akavipanga kando kama mgeni. Amekonda. Ameanza mvi mbele, na mimi sikuziona kwa sababu kwa miezi yote hiyo nimeangalia mgongo.

"Sijui nianzie wapi," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hii kwa muda mrefu mno. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na yale ya mlangoni, neno kwa neno, ili nimrudishie. Hayakutoka. Nilimwambia akae, hakukaa.

"Nilikuita msaliti," akasema. "Kwa mama, kwa majirani, kwa wateja wangu. Niliwaambia nimezamishwa na damu yangu. Na wewe umekaa kimya mwaka mzima, unakula na sisi, hunijibu. Nilikuwa nikikuona unanyamaza nasema, ndiyo, anajijua." Alifunika uso. "Kumbe ulikuwa umebeba mzigo wa mtu mwingine."

Nilifungua mdomo. Nataka daftari hili lishuhudie kwamba nilifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, lilikuwa neno moja, "Dada," na baada ya hilo mengine yangefuata yenyewe, dirisha na Juni na kifungu cha tisa. Nikamtazama nikaona anangoja nimkumbatie.

Kisha akapiga magoti. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka minane, alinibeba mgongoni, alinifundisha kusoma. Mtu humshika dada yake mabega kabla magoti hayajafika chini. Nilikuwa karibu vya kutosha. Nilichelewa.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema akiwa pale sakafuni. "Nisamehe, sikukuuliza."

Nikamwambia nimemsamehe.